Kutandika vinili nyumbani mwenyewe: mwongozo kamili kwa sakafu za saruji

Vinili, yaani plastiki ya kufunika sakafu, ikivimba, ikinuka uvundo au ikijikunja kwenye kona miezi michache baada ya kutandikwa, lawama huenda kwa duka lililoiuza. Ukiifunua ndipo unaona kilichotokea: saruji ya chini imelowa, ina vumbi, au ina mabonde. Nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na hata za bara zimejengwa juu ya jamvi, yaani zege la sakafu, lisilo na nailoni ya kuzuia unyevu chini yake, na huku pwani zipo zilizojengwa kwa mchanga wa bahari wenye chumvi. Chumvi hiyo huvuta maji. Sakafu ikiwa wazi, unyevu hupanda taratibu na kupotea hewani bila mwenye nyumba kujua. Ukiifunika kwa plastiki, unyevu unakosa pa kutokea.

Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye sakafu yenyewe. Tafadhali usiiruke sehemu hiyo hata kama roli limeshafika na liko sebuleni linakusubiri. Kukata na kubandika vinili kwenye chumba cha kawaida ni kazi ya siku moja, na mtu yeyote mwenye subira na wembe mkali anaiweza.

Uchague vinili ipi

Ya roli ndiyo iliyozoeleka zaidi. Wengine huiita zulia la plastiki, wengine kapeti la PVC, na Kenya utasikia mkeka wa mbao kwa sababu nyingi zimechapwa picha ya mbao. Mara nyingi roli lina upana wa mita 2, na unene huanzia chini ya milimita 1 hadi 2 na zaidi. Halafu kuna vibao vyembamba vya kubandika kwa gundi, vyenye unene wa milimita 2 hadi 3. Kuna SPC, vibao vigumu vya unga wa mawe ya chokaa uliochanganywa na plastiki ya PVC, vyenye milimita 4 hadi 6, ambavyo hufungana kwa ulimi na mfereji bila gundi. Mwisho ni vigae vyenye gundi mgongoni: unabandua karatasi, unabandika.

Hivyo vya mwisho sivipendi kwa sakafu ya saruji. Gundi yake ni nyembamba, na vumbi kidogo tu la simenti linatosha kuifanya iachie. Kwa chumba cha kulala, roli la milimita 1.5 au zaidi linafaa sana. Kwa sebule inayopita watu wengi, kama mfuko unaruhusu, nenda kwenye SPC. Aliyepanga na atahama achukue roli na alitandike bila gundi, siku ya kuhama anaviringisha na kuondoka nalo. Ila azungumze kwanza na mwenye nyumba, hasa kama milango itahitaji kupunguzwa.

Ukiwa dukani, usiangalie unene wa jumla peke yake. Uliza tabaka la juu, lile la uwazi linalokinga picha. Milimita 0.3 inatosha vyumba vya nyumbani, milimita 0.5 ni nzuri kwa sebule, korido na sehemu za biashara ndogo. Kunja pembe ya vinili ya roli kwa nyuma kwa vidole: ikipasuka au ikiacha mstari mweupe usiopotea, iache. Kama unahitaji vipande viwili, hakikisha vimekatwa roli moja, au maboksi yote yana namba moja ya uzalishaji. Rangi hutofautiana kidogo kati ya toleo na toleo, na tofauti hiyo haionekani chini ya taa za duka. Utaiona asubuhi jua likiingia dirishani.

Pima, kisha fikiria upande wa kutandika

Kuta zetu mara chache huwa sambamba. Pima urefu wa chumba sehemu tatu, upana sehemu tatu, uchukue kipimo kikubwa. Ongeza sentimita 5 kila upande za kukatia, na usisahau kina cha mlango.

Chukua chumba cha mita 3 kwa 3.5, na roli la upana wa mita 2. Ukitandika kufuata urefu, unahitaji vipande viwili vya mita 3.6, jumla mita 7.2 za roli. Ukigeuza ukatandika kufuata upana, unahitaji vipande viwili vya mita 3.1, jumla mita 6.2. Chumba ni kilekile, umeokoa mita nzima. Lakini kabla ya kufurahia hesabu, chora chumba kwenye karatasi uone kiungo kitaangukia wapi. Kiungo kisipite katikati ya mlango wala njia ya kutoka kitandani kwenda mlangoni, kwa sababu hapo ndipo nyayo zitakipiga kila siku. Kama kinaweza kulala chini ya kitanda, hapo ndipo mahali pake. Kama mita moja ya ziada ndiyo itakayokihamisha kiungo kutoka mlangoni, nunua hiyo mita.

Kwa vibao, hesabu eneo kisha ongeza asilimia 10. Chumba hichohicho kina mita za mraba 10.5, kwa hiyo unatafuta kama 11.6. Boksi huandikwa linafunika kiasi gani; gawanya na upandishe hadi boksi zima. Vitakavyobaki vitunze.

Jaribio la unyevu

Kata nailoni ngumu inayopitisha mwanga, vipande vya sentimita 45 kwa 45. Vilaze juu ya saruji iliyofagiliwa na uvizibe kwa tepu pande zote nne bila kuacha upenyo. Weka kimoja katikati ya chumba, kingine karibu na ukuta wa nje, na kingine karibu na ukuta unaopakana na bafu. Viache kwa saa 16 kwa uchache. Siku nzima ni bora. Kisha bandua. Ukikuta matone chini ya nailoni, au saruji iliyokuwa chini yake imekuwa nyeusi kuliko ya pembeni, sakafu hiyo ina unyevu na haijawa tayari.

Jaribio hili lina udhaifu mmoja unaopaswa kuujua: wakati wa kiangazi sakafu inaweza kufaulu, masika yakija ikafeli. Kwa hiyo angalia na dalili nyingine. Unga mweupe wa chumvi chini ya kuta, rangi inayobanduka sentimita chache juu ya sakafu, uvundo kabatini: hizo zinakusimulia jinsi chumba kinavyokuwa mwezi wa Aprili. Ukiweza, fanya jaribio mvua zikiwa zimeshakolea, halafu utandike baadaye sakafu ikishakauka.

Saruji mpya nayo inahitaji muda. Kadirio la mafundi ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, na hapo ni kama hewa inapita. Jamvi la sentimita 10 lililomwagwa majuzi linaweza kuonekana kavu juu huku ndani lina maji.

Jaribio likifeli, tafuta maji yanakotoka kabla ya kununua dawa yoyote. Mara nyingi yako nje: paa halina mfereji na maji yanaangukia msingi, udongo wa uani uko juu kuliko sakafu ya ndani, au bomba la bafuni linavuja ndani ya ukuta. Kuelekeza maji ya mvua mbali na msingi na kumwaga ukanda wa saruji kuzunguka nyumba wenye mteremko wa kwenda nje husaidia sana. Kama unyevu unatoka ardhini moja kwa moja, kuna rangi za epoksi za kuzuia unyevu ambazo hupakwa mikono miwili juu ya saruji safi. Zina gharama, na hazisamehi sakafu chafu. Kama hata hiyo haiwezekani, ushauri wangu ni wa wazi: acha vinili, weka vigae vya marumaru. Afya ya watoto watakaolala chumba chenye ukungu chini ya zulia ina uzito kuliko sura ya sakafu.

Kusafisha hadi saruji yenyewe

Ondoa vyombo vyote, hata kabati lile zito. Ng'oa skatingi za mbao, zile zinazozunguka chini ya kuta, taratibu, na uandike nyuma ya kila moja ukuta iliotoka.

Sakafu nyingi za zamani zimepigwa niru yenye rangi nyekundu na kusuguliwa nta miaka nenda miaka rudi. Gundi haishiki juu ya nta. Kwangua kwanza kwa kikwangulio au mwiko wa chuma uliochongoka, kisha sugua kwa maji ya moto yenye sabuni nyingi na brashi ngumu, ukifuta maji machafu kabla hayajapoa, kwa sababu yakipoa nta inarudi kukaa palepale. Usitumie mafuta ya taa. Yanayeyusha nta kweli, lakini yanaacha mafuta ndani ya vitundu vya saruji na gundi itakukatalia vilevile. Sakafu ikikauka, ipige msasa.

Halafu fanya jaribio dogo la tone. Dondosha maji kidogo sehemu kadhaa. Kwenye saruji safi, tone linatandaa na saruji inageuka nyeusi ndani ya dakika moja au mbili. Likibaki duara limesimama, nta bado ipo. Rudia. Anayetandika bila gundi hana haja ya kufika mbali hivyo, ila vumbi na mafuta lazima viondoke.

Tahadhari moja kubwa: kama nyumba ni ya zamani na sakafu ina vigae vya plastiki vilivyobandikwa miaka ya 1980 au kabla, usivivunje wala kuvipiga msasa. Vigae vya enzi hizo na gundi yake nyeusi vinaweza kuwa na asbesto, na vumbi la asbesto huharibu mapafu. Kama vimeshika vizuri, funika juu yake.

Nyufa nazo ziangalie kwa makini. Ufa mwembamba kama unywele usafishe na ujaze. Ufa unaoingiza ukucha upanue kidogo kwa tindo, upige brashi, ulowanishe, kisha ujaze kwa mota ya ukarabati. Ufa ambao upande mmoja uko juu kuliko mwingine, au unaoendelea kukua, hauponi kwa kujazwa, jamvi linatembea, na hilo aangalie fundi mwashi kwanza. Na kama kuna vijinjia vya udongo vya mchwa vikitoka ufani au pembeni mwa ukuta, weka dawa kabla ya yote. Ukiwafunika utawapa kivuli, watapita chini ya vinili hadi kwenye fremu ya mlango bila wewe kuwaona.

Kusawazisha

Tafuta rula ya alumini ya mita 2 iliyonyooka, ile wanayotumia mafundi wa plasta. Ilaze sakafuni na uizungushe pande zote kama mshale wa saa. Inapocheza kuna kilima. Panapopita mwanga chini yake kuna bonde. Kwa chaki, kilima kichoree msalaba, bonde lichoree duara. Kipimo cha kukubalika ni tofauti isiyozidi milimita 3 chini ya rula hiyo. Kwa roli jembamba uwe mkali zaidi, kwa sababu kila punje ya mchanga itaonekana juu jua la pembeni likipiga. Kwa SPC, punje haionekani, lakini bonde linafanya vibao vicheze vikikanyagwa, na ulimi unaocheza kila siku mwisho hukatika.

Vilima visage kwa jiwe la kusagia au grainda yenye diski ya kusagia zege. Vaa miwani na barakoa nzuri, fungua madirisha, nyunyiza maji kidogo kama unatumia jiwe la mkono. Vumbi la zege si la kulivuta.

Kwenye mabonde ndiko watu wengi wanakoteleza. Wanakoroga simenti na maji, wanapaka tabaka jembamba juu ya sakafu kavu, wanaridhika. Sakafu kavu inanyonya maji yote ya mchanganyiko kabla simenti haijashika, na baada ya wiki chache tabaka linapasuka na kubanduka vigamba, vinili ikiwa juu yake. Ukitumia simenti ya kawaida, kwaruza sakafu kwanza ipate mikwaruzo, ilowanishe usiku kucha, ondoa maji yaliyotuama, pigia uji wa simenti uliochanganywa na gundi ya saruji ya maji, na umwage mchanganyiko wako juu ya uji huo ukiwa bado mbichi. Njia rahisi zaidi, japo ghali, ni ile simenti maalumu inayojisawazisha yenyewe: unapaka praima yake, unakoroga kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye mfuko bila kuongeza hata kikombe, unaimwaga na kuisogeza kwa mwiko. Usijaze mabonde kwa puti ya ukutani wala jasi. Zinalainika zikipata unyevu.

Ukimaliza, fagia, kisha fagia tena, kisha pitisha kitambaa kibichi kilichokamuliwa sana. Pitisha kiganja. Kikitoka cheupe, bado.

Vifaa

Unahitaji futi kamba, penseli, uzi wa chaki, rula ya chuma ya mita 1, skweya, kisu chenye nyembe za kubadilisha na nyembe nyingi mno. Usihurumie wembe, badilisha kila unapohisi unasukuma badala ya kukata, kwa sababu wembe butu huteleza, na ukiteleza unakata picha ya sakafu au kidole. Kwa gundi utahitaji mwiko wa meno, wenye meno madogo ya kiasi cha milimita 1.5, na ubao laini uliofungwa kitambaa cha kukandamizia. Kwa SPC ongeza nyundo ya mpira, kipande cha ubao wa kugongea na kabari ndogo za kuacha nafasi ukutani.

Kutandika vinili ya roli

Fungua roli ndani ya chumba kitakachotandikwa siku moja kabla, liache lilale. Usilianike juani ili lilainike haraka. Vinili hutanuka ikipata joto, na ukiikata ikiwa imetanuka, kesho yake itakuwa imerudi nyuma na kuacha upenyo ukutani.

Piga mstari wa chaki sakafuni pale kiungo kitakapokaa, ukiupima kutoka ukuta mrefu zaidi. Tandika kipande cha kwanza ukingo wake ukifuata mstari huo, na pande nyingine zikipanda ukutani sentimita 5. Sasa kona. Kona ya ndani, ile ya kawaida ya chumba, hukatwa taratibu: vinili itajikunja na kuinuka hapo, kwa hiyo kata kipande kidogo cha umbo la V kutoka juu, ikandamize, kata tena kidogo, mpaka ilale. Kona ya nje, kama ya nguzo au kabati la ukutani, unakata mstari mmoja kutoka ukingo wa juu hadi pale kona inapogusa sakafu, na unasimama hapohapo. Ukipitiliza hata sentimita 1, mkato huo utabaki unaonekana.

Fremu ya mlango ndiyo inayotofautisha kazi nzuri na ya kubahatisha. Kama fremu ni ya mbao, laza kipande cha vinili sakafuni pembeni yake, weka msumeno juu yake na ukate chini ya fremu, upate mwanya ambao vinili itapenya kwa chini. Kama fremu ni ya chuma au imezama kwenye zege, chukua kadibodi, ikate kidogokidogo mpaka ikae sawasawa kuzunguka fremu, kisha ilaze juu ya vinili na uifuatishe. Kadibodi ni ya bure, kosea huko.

Ukutani, bonyeza vinili kwa rula ya chuma iingie kwenye pembe ya ukuta na sakafu, kisha kata ukiegemeza wembe kwenye rula. Acha upenyo wa milimita 2 au 3, skatingi itaufunika. Kama skatingi yako ni ya saruji au vigae na haitoki, kata karibu kadiri unavyoweza na ujaze mstari kwa silikoni ya rangi inayofanana.

Kiungo kinakatwa kwa pamoja. Laza kipande cha pili juu ya cha kwanza kwa sentimita 3 hadi 5, ukisogeza mpaka picha ya mbao au ua ikutane sawasawa. Shikilia vyote kwa uzito visitembee. Weka rula ya chuma katikati ya sehemu iliyopandana, simamisha wembe mpya wima kabisa, na ukate vipande vyote viwili kwa mvuto mmoja. Ondoa ukanda wa juu, inua, ondoa ukanda wa chini. Kingo mbili zitakutana barabara hata kama mkono ulipinda kidogo, kwa sababu zilipinda pamoja. Fanya hivi kabla ya kupaka gundi eneo la kiungo.

Gundi, au bila gundi

Chumba kidogo kinachofunikwa na kipande kimoja, na vinili yenye milimita 2 au zaidi, kinaweza kukaa bila gundi. Weka tepu ya pande mbili mlangoni tu. Chumba chenye kiungo, kibandike kiungo hata kama kwingine hupaki. Vinili nyembamba ya milimita 1 ikiachwa huru itapanda mawimbi siku utakayosogeza kitanda.

Kwa kubandika chumba kizima, tumia gundi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya vinili. Kunja nusu ya kipande juu ya nusu nyingine, paka sakafuni kwa mwiko wa meno, na usubiri muda ulioandikwa kwenye kopo. Gundi nyingi za aina hii huwa nyeupe zikiwa mbichi, na kubadilika kuwa za uwazi zinapokaribia kuwa tayari. Siku zenye hewa nzito ya pwani husubiri zaidi. Gusa kwa kidole. Kisha rudisha vinili taratibu kutoka katikati kwenda ukutani, ukisukuma hewa kwa ubao wenye kitambaa. Mafundi wa majengo makubwa hupitisha rola la kilo 45 na kuendelea. Ukilipata la kukodi ni vizuri, usipolipata, kandamiza kwa ubao kwa uzito wa mwili wako wote, mstari baada ya mstari, na urudie nusu saa baadaye. Kisha kunja nusu ya pili na ufanye hivyohivyo. Usirudishe vyombo hadi kesho yake.

Gundi ya kontakti, ile ya njano ya viatu na makochi, hupakwa pande zote mbili na kuachwa hadi isiwe inanata kidoleni. Inashika papo hapo na haikupi nafasi ya kusogeza, kwa hiyo ninaiweka kwa kingo na viungo tu. Mvuke wake unawaka moto na unapanda kichwani. Zima jiko la mkaa na gesi, hata lililo chumba cha pili, fungua madirisha yote, na watoto watoke nje.

Ukitaka vibao SPC

Maboksi yakae chumbani siku mbili, yamelazwa. Sakafu iliyo juu ya ardhi itandikie nailoni kwanza, vipande vikipandana sentimita 20 na kuzibwa kwa tepu, halafu godoro lake jembamba la milimita 1 au 1.5 kama vibao havina lililobandikwa tayari. Godoro nene zaidi ya hapo linaua viungo.

Kabla ya kukata chochote, gawanya upana wa chumba kwa upana wa kibao. Mita 3 ukiondoa nafasi za kutanukia unabaki na kama sentimita 298.8, kwa vibao vya sentimita 18 unapata safu 16 na baki ya sentimita 10.8. Hiyo inatosha. Lakini baki ikiwa chini ya sentimita 5, punguza upana wa safu ya kwanza ili ya mwisho iwe pana. Ukuta kwa ukuta acha nafasi ya milimita 6 hadi 8 kwa kabari, kuzunguka chumba chote, mabomba na fremu pia. Watu hupuuza nafasi hii, kisha mwezi wa joto sakafu inainuka katikati.

Anza kona ya kushoto, ukiwa umeukata ulimi wa upande unaotazama ukuta. Kukata ni rahisi: chora kwa wembe mara mbili tatu juu, kisha kivunje kwenye ukingo wa meza, na ukate kile kigodoro cha nyuma. Kipande kilichobaki mwisho wa safu ndicho kianzie safu inayofuata, mradi kina sentimita 30 au zaidi. Viungo vya mwisho vya safu zinazofuatana visikaribiane chini ya sentimita 20. Chukua vibao kutoka maboksi matatu kwa zamu ili picha zisijirudie pamoja. Gonga kwa ubao, kamwe usigonge ulimi wenyewe kwa nyundo. Kiungo kisipofunga, usilazimishe: kifungue, utakuta chembe ya saruji ndani ya mfereji.

Skatingi zipigiliwe ukutani, kamwe zisipigiliwe kwenye vibao. Kabati la jikoni la kudumu lisikae juu yake. Na ukumbi unaozidi mita 10 au hivi, soma kikomo kilichoandikwa na mtengenezaji, kwani nyingi hutaka mkato wenye kipande cha alumini kati.

Mlangoni, jikoni, na maisha ya baadaye

Jaribu mlango kabla ya kumaliza, siyo baada. Ukisugua, uvue kwenye bawaba na uupige randa chini. Ukingo wa vinili mlangoni ufunikwe kwa kipande cha alumini kilichofungwa kwa skrubu kwenye saruji. Bila hicho, ufagio na miguu vitauinua kidogokidogo.

Bafu la kuogea kwa ndoo halifai vinili ya aina yoyote. Jikoni inafaa, lakini jiko la mkaa na sufuria iliyotoka motoni havigusi sakafu hiyo. Weka kigae au bati lenye miguu. Mazulia madogo yenye mpira chini huacha doa la njano lisilotoka, kwa sababu kemikali za mpira huingia kwenye plastiki. Tumia yenye kitambaa chini. Miguu ya kitanda na kochi ivalishwe vipande vya kitambaa kizito, na friji isogezwe juu ya ubao laini. Kusafisha ni maji, sabuni kidogo na kitambaa kilichokamuliwa. Tina, petroli na steluwaya huiharibu haraka.

Povu la hewa likitokea, litoboe kwa sindano ya bomba, ingiza gundi kidogo, kandamiza na uache kitabu kizito juu yake usiku kucha. Pasi ikianguka na kuunguza, chukua lile baki ulilotunza, lilaze juu ya jeraha picha zikikutana, libane kwa tepu, na ukate tabaka zote mbili kwa pamoja kufuata mistari ya picha ya mbao. Toa kipande kilichoungua, kwangua gundi ya zamani, bandika kipya. Ukifuata mistari ya mbao badala ya kukata mraba wazi, mgeni atakaa sebuleni asilione.